Tarishi wa Mvua Shuleni

Ndugu msomaji, nikikuuliza mvua ya msimu uliopita ilikuwa kiasi gani shambani kwako, utanijibu nini? Wengi watasema, "Ilikuwa nzuri," na wengine, "Ilituchezea mwezi wa pili." Majibu hayo si mabaya, maana mkulima huijua mvua yake kuliko mtu wa mjini. Lakini huwezi kuyaandika katika daftari ukayalinganisha na ya mwaka ujao. Nzuri ni ngapi? Leo tuanzie hapo, wewe wa Lusewa na wewe wa kokote litakakofika gazeti hili. Habari ninayoileta yaonekana ngeni sana, ya vyombo na programu, kumbe yahusu mahindi na ada ya shule.

Mvua hupimwa kwa milimita. Neno hilo twalisikia redioni, likapita. Maana yake ni nyepesi: mvua ya milimita 1 ni lita 1 ya maji iliyomwagwa sawasawa juu ya mita mraba 1 ya ardhi. Eka moja ina mita mraba 4,047 hivi. Basi milimita 1 tu katika eka moja ni zaidi ya lita 4,000, yaani mapipa 20 ya lita 200. Mvua ya milimita 25, ambayo si ya kutisha hata kidogo, imekumwagia mapipa 500 bila kukudai ujira. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuipiga hesabu hiyo ubaoni, naye akiisha kuipiga hatasema tena "mvua kidogo" kwa wepesi.

Zamani za Tanganyika, misheni nyingi na mashamba makubwa yalikuwa na kipima mvua uani, na mtu wa kukisoma kila siku asubuhi. Kumbukumbu nyingi za mvua za nchi hii zilianza hivyo, kwa mkono wa mtu na kwa wino. Hata leo vituo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, husoma mvua saa 3 asubuhi. Kazi yenyewe si ngumu. Ugumu ni kutokosa siku. Msomaji akisafiri, akiugua, akienda msibani, daftari hubaki na pengo, na pengo likitokea siku ya mvua kubwa, hesabu ya mwezi mzima imeharibika.

Ndiyo maana watu wakabuni kipima mvua kinachojisomea. Ukikifungua utaona kijiko chenye vyumba viwili, kimekaa juu ya mhimili kama bembea ya watoto. Maji huingia chumba kimoja. Kikijaa, kijiko hubinuka, humwaga, na chumba cha pili hushika zamu. Katika vipimo vingi kila kubinuka ni milimita 0.2. Kijiko kina kipande kidogo cha sumaku, na sumaku ikipita mbele ya swichi, umeme kidogo hukatika au huungana mara moja. Hakuna uchawi hapo. Anayehesabu mibinuko hiyo ni ubao mdogo wa elektroniki, unaoishi kwa betri na sola ndogo.

Haya, kijiko kimebinuka mara 40 usiku, yaani milimita 8. Nani atampelekea mwalimu habari hiyo? Tena huenda pembeni yake kuna kipimio cha joto kilichotengenezwa China, na kipimio cha unyevu wa udongo kilichotengenezwa Ulaya, na kila kimoja kina lugha yake. Hapo kati hapana budi awepo mtu wa tatu: anayepokea, anayefasiri, anayehifadhi, na anayempelekea kila mhusika lililo lake. Kazi hiyo hufanywa na programu. Wataalamu huiita programu ya katikati, na vyombo vinavyopashana habari kwa njia hiyo huitwa kwa jumla mtandao wa vitu, jina alilolitoa Mwingereza Kevin Ashton mwaka 1999. Mimi napenda kuiita tarishi. Tarishi wa boma hakuandika barua wala hakusomewa barua, lakini bila yeye barua zote zilibaki mezani.

Na huyu tarishi anafanyaje kazi? Chombo hutoa ujumbe mfupi, juu yake kimeandikwa anwani, mathalani "lusewa/shule/mvua", na ndani yake tarakimu, "8.0". Ujumbe huenda kwa tarishi tu. Kwa upande mwingine, kila anayetaka habari za mvua ya shule amekwisha kumwambia tarishi, "Zikija, niletee." Basi kijiko hakimjui anayesoma, wala anayesoma hana haja ya kujua nguzo imesimama wapi. Kesho afisa ugani akitaka naye apate habari hizo, humwomba tarishi, na nguzo haiguswi.

Lugha hiyo huitwa MQTT. Ilibuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark wa kampuni ya IBM pamoja na Arlen Nipper. Walikuwa na mabomba ya mafuta yaliyopita jangwani, na habari za mabomba zilipitia setilaiti, ambayo kila neno lake lililipiwa ghali. Hivyo wakatunga lugha isiyopenda maneno mengi: bahasha ya ujumbe yaweza kuwa na herufi mbili tu za kompyuta. Mwaka 2010 iliruhusiwa itumike na yeyote bila malipo, na mwaka 2014 ikakubaliwa kuwa kanuni ya wote. Mabomba ya mafuta ni mbali na sisi, lakini shida yao twaijua. Lugha iliyotungwa kwa mahali ambapo mawasiliano ni ghali na hukatika kila mara, nani atasema haiwafai watu wa barabara ya Mtwara Pachani, Lusewa na Lingusenguse wakati wa masika?

Tena ina jambo moja lililonifurahisha. Chombo kinapojitambulisha kwa tarishi, kinaweza kumwachia wosia. Naam, jina lake ni hilo hilo, wosia. Chamwambia: "Ukiona nimenyamaza bila kuaga, watangazie wote maneno haya." Betri ikifa usiku, au nyani akikata waya, tarishi hungoja muda uliowekwa, kisha husoma wosia: "Kipima mvua cha shule kimezimika." Mwalimu hajidanganyi kwamba mvua haikunyesha. Ajua ya kuwa mpimaji amekufa.

Sasa yaja sehemu ambayo ningependa wazazi na kamati za shule waisome polepole.

Matarishi hawa ni wa namna mbili. Wapo waliofungwa. Kampuni hukuuzia chombo, na programu yake hukaa katika kompyuta za kampuni, nchi za mbali. Ndani yake huruhusiwi kuchungulia. Wapo walio huria. Programu huria ni ile ambayo maandishi yake yote yamewekwa hadharani, na mtu yeyote ana ruhusa ya kuitumia, kuisoma, kuibadili na kumpa mwenzake. Tarishi mmoja mashuhuri wa namna hii anaitwa Mosquitto. Ndiyo, ni mbu, ila wameongeza herufi t moja kwa makusudi. Aliyeianzisha ni Roger Light wa Uingereza. Ni programu ndogo kama jina lake, nayo hukaa vizuri ndani ya kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, ile iliyotolewa Cambridge mwaka 2012 kwa ajili ya watoto wa shule, ambayo ubao wake haukizidi sana kiganja cha mkono. Mwenzake ni Node-RED, iliyoanza mwaka 2013. Humo mwanafunzi hupanga visanduku kwenye kioo cha kompyuta na kuviunga kwa mistari: mvua iingie hapa, ijumlishwe pale, ikizidi milimita 30 taa iwake ofisini kwa mwalimu.

Je, kufungwa kuna ubaya gani, mradi kazi yafanyika? Nitakupa mifano miwili ya Marekani. Palikuwa na kisanduku kilichoitwa Revolv, cha kuongoza taa na milango ya nyumbani. Kampuni yake ilinunuliwa na Nest mwaka 2014. Tarehe 15 Mei 2016 kompyuta za mbali zilizokiendesha zikazimwa. Visanduku havikuharibika, wala havikuibwa. Vilikuwa palepale nyumbani kwa wenyewe, vizima kabisa, na havikufanya kazi tena. Mwaka 2023, tarehe 16 Agosti, Google nayo ilifunga huduma yake ya kuunganisha vitu, na waliokuwa wameitegemea walitakiwa kuhamia kwingine. Kampuni kubwa ina haki ya kufunga duka lake. Swali ni kama shule ya kijiji ina nguvu ya kuhama.

Lakini hilo la kufungiwa, kwangu mimi, ni ubaya wa pili. Wa kwanza ni huu: shule yenye chombo kilichofungwa haijifunzi kitu. Ina nguzo nzuri uani, ina uzio, ina mlinzi wa nguzo. Tarakimu zaruka kwenda mbali, na mtoto anayepita hapo kila asubuhi na ndoo ya maji hajui nguzo yasema nini. Ametumwa kulinda maarifa ya watu wengine.

Msidhani haya ni ndoto za wazungu tu. Afrika Mashariki yamekwisha kuanza. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Makerere, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, yaani DIT, na Chuo Kikuu cha Juba, pamoja na Chuo Kikuu cha Bergen cha Norway, walianza mradi uitwao WIMEA-ICT. Kazi mojawapo ilikuwa kubuni vituo vya hali ya hewa vinavyojiendesha, vya gharama nafuu, vinavyoweza kuundwa na kutengenezwa na wataalamu wa huku huku. Kenya nako, huko Nyeri, wahandisi wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi waliunda chombo cha kupima kina cha mto. Kinatuma habari kwa redio ya LoRa, ambayo hutumia umeme kidogo mno na bado hufika kilomita kadhaa pakiwa wazi. Mwaka 2023 walichapisha maelezo ya kazi yao katika jarida la vyombo huria, ili mwingine aweze kukiunda.

Upo pia mpango wa TAHMO, ulioanzishwa na wataalamu wa Uholanzi na Marekani, ambao shabaha yao ni vituo 20,000 katika Afrika kusini mwa Sahara. Vingi vya vituo hivyo vimewekwa shuleni, na shule huruhusiwa kutumia vipimo katika masomo. Ni wema, nami nawashukuru. Lakini shule ikipata mgeni wa namna hiyo yafaa mwalimu mkuu amwulize kwa adabu: Vipimo vyetu tutaviona wapi, na siku intaneti haipo tutavionaje? Na kisanduku hiki, watoto wataruhusiwa kukifungua? Mgeni mwenye nia njema hatachukia swali hilo.

Tuseme basi shule ya Lusewa yataka kuanza. Wengi hudhani lazima kwanza intaneti iwepo. La. Tarishi huria hukaa hapohapo shuleni. Ile kompyuta ndogo hutoa mawimbi yake yenyewe ya Wi-Fi, na mwalimu huyasoma kwa simu yake akiwa chini ya mwembe, pasipo bando wala laini. Mnara wa simu ukizimika siku tatu, vipimo havipotei. Mawasiliano yakirudi, programu ikipangwa hivyo, tarishi hupeleka mjini yale yaliyongoja. Wanafunzi wa sekondari, hasa hawa wa mkondo wa amali ulioanza mwaka 2024, wana kazi ya mikono hapo: kuchomelea waya, kufunga sola, kuandika mistari michache ya programu. Nawasihi walimu, wasichana wasiachiwe kuandika daftari tu huku wavulana wakishika bisibisi.

Na somo tamu zaidi halimo katika kompyuta. Limo katika kulinganisha. Weka chupa ya kawaida karibu na kijiko, mtoto asome chupa kwa macho, kisha asome tarakimu za tarishi. Hazitalingana. Mvua ikiwa kubwa sana, kijiko husema kidogo kuliko chupa. Kwa nini? Kwa sababu wakati kijiko kinabinuka maji hayangoji, na mengine hupita bila kuhesabiwa. Siku nyingine kijiko kitasema 0 nayo mvua imenyesha, kumbe buibui amefuma utando juu ya mdomo wa kipima, au jani limeziba tundu. Mtoto aliyeona hayo hatakubali tena kila tarakimu kwa kuwa imetoka kwenye mashine.

Waniuliza, na mkulima anapata nini? Huku kwetu mvua za msimu ni moja, Novemba hadi Aprili. Kila mmoja ajua hila ya mvua ya kwanza. Yanyesha wiki ya mwisho ya Novemba, watu wapanda, mahindi yaota, kisha jua lashika wiki tatu na miche yakauka. Mbegu ya pili hununuliwa kwa fedha iliyowekwa kwa ajili ya ada au matibabu. TMA hutoa utabiri wa msimu kila mwaka, na kutangaza utabiri ni kazi yao, si ya shule. Lakini utabiri wao huzungumza juu ya eneo pana. Ya kwamba mvua ya jana Lusewa ilikuwa milimita 6 ambazo jua la siku mbili litazimaliza, au 40 zilizozama ardhini, hayo yatasemwa na aliyepima Lusewa. Ubao mmoja mbele ya shule, au penye matangazo baada ya Misa, uandikwe kila Jumapili: wiki hii milimita kadhaa, tangu msimu uanze kadhaa. Baada ya miaka mitano kijiji kina kitabu chake, na mabishano ya lini kupanda yatakuwa na shahidi.

Maonyo kidogo, maana nisingependa muanze kwa hasara. Raspberry Pi nyingi hazina betri ya saa. Umeme ukikatika na intaneti haipo, zikiwaka tena hazijui ni siku gani, na mvua ya Jumanne itaandikwa tarehe ya uongo. Ipo saa ndogo ya kubandika juu yake, wauzaji huiita DS3231, nayo ni ya bei ndogo, inunuliwe mapema. Tarishi apewe neno la siri. Tangu Desemba 2020 Mosquitto mpya haikubali wageni kutoka nje mpaka mwenyewe amepanga ruhusa, na watu wavivu huifungua wazi ili wapumzike. Msifanye hivyo. Na kabla ya kununua hata waya mmoja, kamati iamue ni nani mwenye ufunguo wakati wa likizo. Vyombo vingi hufa likizoni.

Walio mbali na fedha za kununua kijiko wasingoje. Chukua chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu. Ikate pale inapoanza kuwa nyembamba kuelekea shingoni, igeuze sehemu ya juu uitumbukize ndani ya ile ya chini kama mdomo wa kumiminia mafuta. Weka kokoto chini isipeperushwe, mimina maji hadi pale chupa inapokuwa imenyooka, hapo pawe sifuri, kisha bandika rula. Isimamishe mahali pa wazi, mbali na mti mara mbili ya urefu wa mti wenyewe. Isome saa 3 asubuhi, mwaga yaliyozidi sifuri, au ongeza kama jua limeyapunguza, uandike. Siku isiyo na mvua andika 0. Siku ambayo hakuna aliyesoma andika "haikusomwa".